Mtulinga, Mbavu Tatu na Mzee wa Kitanda cha Pili

Jumatatu, 3 Machi
Mtulinga wa bega umevunjika. Mbavu tatu pia. Daktari kasema kwa miaka sitini na minane mifupa haina haraka ya kuunga. Nimemweleza kuwa pikipiki iliteleza kwenye mchanga wa kona. Mke wangu akadakia kwamba mchanga huo upo tangu mwaka jana, na wenzangu wote huupita polepole. Aibu!

Jumanne, 4 Machi
Kitanda cha pili kalazwa dereva wa lori mstaafu. Miaka sabini na mmoja. Naye pikipiki. Nyonga! Anajigamba eti yeye alianguka kwa mwendo mkali kuliko mimi. Wauguzi wanamchekea. Simpendi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: niruhusiwe kabla yake. Nimejizoeza chini ya shuka tangu alfajiri. Daktari alipopita nikainua mkono juu, kama mzima. Nikakosea mkono. Yowe nililopiga lilinyamazisha wodi nzima. Nimeongezewa wiki.

Jumapili, 9 Machi
Binti yetu anataka pikipiki iuzwe. Nikasema nitafikiria. Mke akauliza, taratibu, kama najua alikaa saa tatu kwenye benchi la mapokezi asijue kama bado ana mume. Nikatazama ukuta. Nikaapa: siendeshi tena. Akalia. Mimi pia machozi yalinitoka. Mbavu hizo.

Jumatano, 12 Machi
Mzee wa nyonga katembea hatua kumi kwa magongo. Mtaalamu wa mazoezi kampigia makofi. Nikatembea ishirini, bila gongo! Makofi hakuna. Eti miguu yangu haikuumia. Uonevu mtupu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeruhusiwa. Wa kwanza! Nilipokwenda kumringia, mzee akauliza kama siku ile ya kuanguka niliogopa. Nikasema hata kidogo. Akasema hata yeye. Kila mtu akatazama dirisha lake. Tukapeana namba za simu.

Jumamosi, 26 Aprili
Pikipiki imeuzwa. Mke ana furaha. Asubuhi mzee kapiga simu: yake bado ipo, imenyooshwa. Nyonga haimruhusu kukanyaga breki. Bega langu haliniruhusu kushika usukani. Basi yeye atashika usukani, nami nitanyoosha mguu kutoka kiti cha nyuma nikanyage breki. Tukijumlishwa tunapata dereva mmoja mzima! Kiapo kiko palepale: mtu wa nyuma haendeshi. Mke nimemwambia tunakwenda mazoezi ya viungo. Tunaanza na mteremko.