Brigedia na Mkanda wa Nyuma

Jumatatu, 7 Agosti 2006
Farasi amefika Kitale kutoka Bungoma! Nilichungulia ndani ya lori, sikumwona. Kumbe yupo, nyuma ya mtungi wa maziwa. Kimo chake kinaishia kiunoni mwangu! Nimemwita Brigedia. Jumamosi atavuta kigari cha harusi ya Mary Ann, binti wa kaka yangu. Jirani yangu Wahome, mwenye punda, atakoma kuringa.

Jumatano, 9 Agosti
Kwa Tejinder, fundi wa ngozi, kuagiza matandiko ya kuvutia kigari. Amempima Brigedia kwa utepe kama bwana harusi. Anataka mkanda mpana wa kifuani, wenye pedi, usiomkaba koo. Na mkanda wa nyuma, wa kuzuia kigari mteremkoni. "Bila hii, bana Kabiru, kigari ndiyo itaendesha farasi." Matandiko yatakuwa tayari baada ya siku kumi. Kumi!

Ijumaa, 11 Agosti
Nimeshona mwenyewe. Kamba ya nailoni na mishipi miwili ya mke wangu Kabura. Mkanda wa nyuma nimeuacha. Farasi huenda mbele. Nyuma kuna nini? Wahome akajitolea kuniazima matandiko ya punda wake, yenye blanketi ndani. Wivu mtupu! Nikakataa. Kabura anatafuta mshipi wake wa kanisani. Sijui lolote.

Jumamosi, 12 Agosti
Mungu wangu! Kwenda kanisani, shwari. Kurudi, mteremko. Kigari kikamgonga Brigedia miguu ya nyuma. Sikujua mnyama mfupi hivyo anaweza kuruka hivyo! Kamba ikakatika. Farasi huku, kigari kule, bibi harusi ndani ya shamba la majani ya nepia, ya ng'ombe. Kisha shela ikainuka kwenye majani. "Anko Kabiru, mimi niko sawa. Lakini usinikaribie."
Alifika karamuni kwa mkokoteni wa Wahome. Wageni wakampigia punda vigelegele. Punda!

Jumapili, 13 Agosti
Agneta, daktari wa mifugo, aliinua mguu wa Brigedia. Kwapani nailoni imekula ngozi, nyama inaonekana. Nilishtuka hadi nikaketi chini. Farasi akanilamba mkono, eti mimi! Nililia. Agneta kaamuru wiki tatu bila kazi, halafu matandiko ya Tejinder tu. Nimeapa mbele ya Kabura.

Jumanne, 15 Agosti
Nimefikiria sana. Kosa nimeligundua: ngozi ya Brigedia ni laini mno. Nasikia Ndalu kuna farasi mdogo mwenye manyoya marefu kama ya kondoo. Huyo pedi za nini? Nimetuma ujumbe aletwe Alhamisi. Kamba nimeshanunua. Nailoni, lakini safari hii ya buluu.