Barua Niliyoiba kwa Steringi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Balaa! Shemeji yangu Turki kaipata ile picha ya Kihindi ya mwaka tisini na sita. Anatangaza duka kwa duka Msimbazi nzima, utadhani kaicheza yeye. Ijumaa ni Nane Nane, duka langu la vitambaa nafunga, kwa hiyo familia yote inakuja kwangu Mchafukoge kuitazama.

Mke wangu Saadiya kafurahi. Eti picha za siku hizi zina akili nyingi, hazina raha. Kweli. Katika ile ya Turki msichana anaangukiwa na nazi, anamsahau mchumba wake, kisha anamkumbuka kwa kusikia mluzi. Daktari wa nini? Niliilia mara sita.

Tatizo ni barua. Mwaka tisini na saba nilimwandikia Saadiya: "Hata mvua ikikatika, mimi nitaendelea kulowa kwa ajili yako." Kwa barua hiyo alinikubali. Mpaka leo huwasomea wageni. Na maneno yote ni ya steringi, yule mchumba wa kwenye picha! Mimi nilitafsiri tu, nikijua Saadiya hajaiona.

Jumatano, 6 Agosti

Turki alipita dukani kunywa chai. Flashi yenye picha kaiweka mezani, karibu na kikombe. Nikaibadilisha na yangu ya qaswida, rangi ileile. Ushindi!

Jioni kapiga simu, anacheka. Flashi imegeuka qaswida, lakini nisijali: picha anayo pia kwenye simu na kwenye laptopu, na tayari kamtumia binti yangu Anfal. Shemeji gani huyu?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimezungumza na Khalfani, mlinzi wa jengo letu. Kesho saa nne na nusu asubuhi, picha ikitaka kuanza, azime umeme wa jengo zima. Akataka sababu. Nikamwambia ni kuokoa ndoa. Akakubali bila swali la pili. Naye ana ndoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa nne na dakika ishirini Saadiya kanituma sambusa. Nikanunua, nikaingia kwenye lifti. Saa ya Khalfani inakimbia. Giza!

Kwa muda wa saa moja na nusu nimening'inia kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mimi na sambusa arobaini za moto. Khalfani alishazima, akaenda zake kunywa kahawa.

Nilipotolewa, shati limenigandia kwa jasho. Nikafungua mlango wa nyumbani. Wote wamejibana mbele ya laptopu ya Turki, betri imejaa! Na nani yuko kwenye kioo? Steringi, mvuani, ananyoosha mkono. Saadiya akasema kwa Kiswahili, kabla ya steringi kufungua mdomo: "Hata mvua ikikatika, mimi nitaendelea kulowa kwa ajili yako."

Akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Baba Anfal! Hata kulowa umeiga?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Turki akapaliwa.

Kumbe Saadiya aliiona sinema sikukuu ya Idi, kabla hata ya barua yangu! Nikamuuliza kwa nini basi alinikubali. Akasema wenzangu waliomtaka walimletea kadi za dukani. Mimi nilikaa nikanakili kurasa nne kwa mkono. Halafu akakiri: jibu lake, lile la moyo kuwa garimoshi lisilo na breki, alilichota kwa msichana wa sehemu ya pili ya picha hiyohiyo.

Alhamdulillahi! Miaka ishirini na minane nimebeba mzigo huu. Tukala sambusa zilizopondeka. Mluzi ulipolia, sote tukalia. Mambo ya kijinga kabisa. Tukarudisha nyuma, tukalia tena.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala kama mtoto siku mbili. Asubuhi Saadiya kaniambia mwezi ujao mpwa wetu Dalia anaolewa, na mimi ndiye wa kutoa nasaha. Kasisitiza: maneno yangu mwenyewe.

Bila shaka. Mchana nikazunguka Kariakoo, nikapata diski ya picha nyingine ya zamani ya Kihindi ambayo hata muuzaji anaapa hajawahi kuiona. Nimeshanakili kurasa mbili.