Shasi ya Mumbere Isibadilishwe

Mbau, siku ya tatu tangu gari ilazwe

Kwa Papa Jacob, Prezida wa bafundi ba magari, Butembo

Mupendwa Prezida,

Nakusalimia kwa heshima na kwa hasira, lakini hasira si yako. Ni ya fundi wako Delphin wa Beni. Kwa kuwa ni wewe ulimufundisha kazi, nakuomba umuvute sikio mapema.

Juma lililopita nilitoka Mangina na ndizi kwenye pikapu yangu ya buluu. Karibu na Beni nikasikia nyuma ya kabini: kwaa! Nikaifikisha kwa Delphin polepole. Alilala chini yake na tochi, akatoka, akapangusa mikono, akatangaza mbele ya batu kwamba shasi, fremu ya chini ya gari, imepasuka upande wa kushoto, haikubali tena soudure, kuunganishwa kwa moto, Mumbere amekufa, itolewe yote iwekwe ingine. Nilikataa. Nikaivutisha mpaka nyumbani Mbau, iko hapa uani.

Prezida, Mumbere ni gari hiyo. Niliinunua mwaka mumoja mbele ya bibi yangu Agar kujifungua, na furaha ilinizidi. Kwetu, unajua, kijana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Donc, ndiyo kusema, gari iliingia nyumbani kwanza, ikakamata Mumbere. Mutoto alipozaliwa alikuta nafasi imejaa, nikamupa Kambale, na badogo bake babili bakafuata, Kasereka na Kakule. Bashangazi bangu balilia mwezi muzima. Mimi nilisema aliyefika mbele amefika mbele.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Delphin alitamka neno "amekufa" wakati kapo, kifuniko cha injini, iko wazi. Gari ilisikia. Tangu siku hiyo inakataa kuwaka, naye anasingizia batri.

2. Nambari ya gari imepigwa kwenye shasi. Si kwenye mulango, si kwenye viti. Hata serikali inatambua gari kwa shasi yake. Ukitoa shasi umetoa Mumbere, na kinachobaki ni kabini na magurudumu bila jina. Sasa fikiri vizuri. Mumbere akitoka, Kambale atapanda awe Mumbere, Kasereka awe Kambale, Kakule awe Kasereka. Diplome iliyoandikwa Kambale itakuwa ya kijana aliyekimbia masomo. Wakati wa Ebola, Kasereka alichanjwa, Kakule akajificha shambani. Leo karatasi itasema Kakule ndiye alichanjwa, na ndugu yake atachomwa sindano upya bila kosa. Na Christa? Aliolewa na Kasereka mbele ya pasta na kwaya mbili. Ataamka asubuhi ni bibi ya shemeji yake, kijana wa miaka makumi mbili na ine asiyeweza kufua shati yake mwenyewe. Nani atajibu kanisani? Delphin?

3. Nashuku njama. Siku ile Kambale alikuwa garaji, amesimama nyuma ya Delphin, na hakulia. Kijana huyu anaosha gari hiyo kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tangu mudogo, bila kutumwa na mutu, na anaiita yaya, sawa na mukubwa wake, kama nilivyomuagiza. Nilimuuliza maoni. Akanijibu taratibu kwamba gari ni chuma tu. Chuma! Mutu wa kusema hivyo anatafuta kiti cha mukubwa wake.

4. Mbau nzima inaniita Papa Mumbere. Shasi ikienda kwa bauzaji ba vyuma, mimi nitakuwa papa wa nani?

Kwa hiyo naomba Delphin alazimishwe kupiga soudure pale pale palipopasuka, aweke bamba la chuma kila upande, kisha aiombe gari radhi akiwa amevua kofia. Shasi yenyewe hapana kugusa.

Nisalimie Mama Adèle, batoto bote, na bafundi bote, hata bale wanaokunywa chai saa ya kazi. Delphin naye umusalimie, lakini kidogo.

Ni mimi, mwenye huzuni na mwenye kukuheshimu,

Kasonia Zacharie,
Papa Mumbere

N.B. Ili nikupe ushahidi, niliingia chini ya gari na burosi ya waya, nikanakili nambari ya shasi. Haifanani na ya karte roze, kitambulisho cha gari, hata kidogo. Nilipomuonyesha Agar, aliketi chini. Ndipo akaniambia. Mwaka ule gari ilianguka darajani, njia ya Mutwanga, mimi nikalazwa na muguu umevunjika, shasi ilibadilishwa. Na aliyeibadilisha ni wewe, Prezida. Mulikubaliana musiniambie, muliogopa roho yangu itakatika. Kambale alikuwa na miaka kenda. Alikuwa pale, alishika tochi, alijua.

Donc Mumbere alituacha zamani, na kijana wangu ameendelea kuosha ile chuma na kuiita yaya miaka makumi mbili, kwa sababu yangu. Nimesikia aibu, na bado naisikia.

Delphin afanye kazi yake, aweke shasi anayotaka. Nimetoka nje uani sasa hivi, nikaita Mumbere. Gari ilinyamaza. Kambale akaitika mara ya kwanza tu, toka nyuma ya nyumba, na ndoo ya maji mukononi.

Barua siandiki upya. Sahihi yangu, Papa Mumbere, uiache vile iko.