Pazia la Banda la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, mume wa dada yangu, kanisema mbele ya watu. Pazia la banda la vifaranga linalia likipandishwa. Eti kazi yangu ni moja tu: kupaka grisi kwenye kapi, vile vigurudumu vinavyopitisha kamba. Likiharibika, kazi anampa Fundi Miwani, mzee aliyetufungia kamba za pazia, na mimi nitafute pa kulala. Grisi! Kopo zima niliipaka baiskeli yangu. Nitasemaje?

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali. Jikoni kwa dada kuna mafuta aliyokaangia samaki. Nimepanda ngazi, nimepaka kapi zote. Kimya! Winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, inazungushwa kwa kidole. Shemeji kanipiga bega, kasema sasa nimekuwa mtu mzima. Fundi Miwani kapita akinusanusa. Kijicho hicho.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua ya asubuhi, upepo, na pazia lote chini! Kamba imekatika. Vifaranga wamerundikana wakitetemeka. Tumelishikilia pazia kwa mikono mpaka mvua ikakatika, dada naye akiwa na mtoto mgongoni. Nikawahi kusema kosa ni la Fundi, katufungia kamba mbovu. Shemeji akamfokea. Mzee wa watu akapanda ngazi, akanusa kapi, akashuka na kipande cha kamba chenye alama za meno.

"Panya," akasema. "Kapi inanuka samaki."

Dada akanigeukia.

"Kumbe paka nimemfukuza bure kwa mafuta yangu yale," akasema taratibu.

Ardhi ingepasuka ningeshukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Baadhi ya vifaranga wamekufa. Nimewazika mwenyewe, nyuma ya banda, sitaki kuonekana. Nimemwomba Fundi radhi. Kasema yamekwisha, kanipa mkono. Heri angenizaba kibao. Dada kaniombea kwa mumewe huku analia, nami nimesimama mlangoni nikisikia kila neno. Naona aibu hata kula chakula chake. Shemeji kanipa kopo jipya la grisi na nafasi ya mwisho. Nimeapa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka mapema kupaka kapi. Njiani baiskeli ikaanza kulia, watu wakageuka. Mtu mzima, baiskeli inalia! Nimeipaka kidogo. Halafu kidogo tena. Kopo lenyewe dogo.

Lakini chumbani kwa dada kuna mafuta ya kujipaka, mazito, yananukia waridi. Panya hawajipaki mafuta.