Landry Amekonda Bila Ruhusa Yangu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Landry amekonda! Huyu ni mume wa Régine, dada mkubwa wa mke wangu Godelive. Jana kanisani Godelive alisema shemeji yake anafanana na kijana. Mimi sikuulizwa ninafanana na nani. Wivu umenikaba. Mdogo wao Espérance anaolewa, na Jumapili atachagua parrain wa kumsimamia altareni, mimi au Landry. Nafasi hiyo ni yangu! Kwenye video za simu wanasema bugali na wali ndivyo vinavyonenepesha. Kuanzia leo nakula nyama tu.

Jumatano, 7 Mei
Kilo tatu zimeondoka! Lakini kichwa kinagonga. Choo hakuna tangu juzi. Godelive ananigeuzia mgongo, anasema kinywa changu kinanuka. Tena amekasirika. Nyama ya sufuria ilikuwa ya kulia bugali watu sita, mimi nikamaliza nusu peke yangu. Akaniuliza, "Weye unaacha bugali, na siye tuache mboga?" Hataki nipendeze.

Ijumaa, 9 Mei
Kizunguzungu. Nilikwenda zahanati. Nesi Joëlle alisema zile kilo kwa sehemu kubwa ni maji, nikila bugali zitarudi. Akashauri nipunguze tu, niongeze maharagi na majani, nitembee. Nikauliza Landry anachukua dawa gani hapo. Alikataa kuzungumza juu ya watu wengine. Kumbe dawa ipo!

Jumapili, 11 Mei
Aibu tupu. Tulikula kwa mama mkwe. Bugali alisonga mwenyewe, na magoti yake yale mabaya. Nikasema nimeshiba, kisha nikachukua kipande cha nne cha mbuzi. Wote wakaitazama sahani yangu. Landry alikula bugali yake taratibu, akamshukuru mama. Mama akamnong'oneza Espérance.

Parrain ni Landry.

Wakati wa kuaga nilimvuta pembeni, nikamwomba siri yake. Akasema hana siri. Pikipiki yake iliharibika mwezi wa kwanza, tangu hapo anatoka kwake Mudzipela kwa miguu, kwenda kazini na kurudi.

Nimerudi nyumbani, nimekula bugali ya watu wawili. Sasa nimeelewa kila kitu. Kesho asubuhi nitamwazima Landry pikipiki yangu. Mimi nitapanda za kukodi, kutembea sitaki. Arusi ni mwezi wa nane. Kufika siku hiyo, koti la parrain halitafungika tumboni kwake.