Maji Ndani ya Mfupa wa Ng'ombe Wangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe, na hadi sasa damu inanichemka!

Mnajua mke wangu alikwenda kujifungulia kwao. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumrudisha yeye na mtoto hapa Malangali. Desturi ya kwao, unakwenda na ng'ombe. Mfupa wa paja unapasuliwa, na uboho, yale mafuta ya ndani, anapikiwa mzazi ili mifupa yake ipate nguvu.

Nikanunua dume kule Muze. Tumbo limejaa! Muuzaji akaapa kwa jina la mama yake kwamba amenona. (Mshenzi yule! Alimlambisha ng'ombe chumvi, akamnywesha maji mpaka akavimba.)

Nikaingia kwa wakwe na koti langu la askari, lile nililorudi nalo kutoka vitani Burma. Baba mkwe akamzunguka ng'ombe.

"Umempata wapi huyu, mkwe?"

Sijui nani alinituma kujibu vile. "Nimemfuga mwenyewe, baba, tangu ndama!"

Wakachinja. Shangazi wa mke wangu akashika shoka, akapasua mfupa, ukoo mzima umeinama kutazama. Uboho mzuri huwa mweupe, umeganda. Wangu ulikuwa mwekundu, majimaji, unatetemeka.

"Mafuta yako wapi?" shangazi akapiga kelele. "Makamasi haya ndiyo ale mzazi?"

Baba mkwe akatikisa kichwa. "Ng'ombe akishinda njaa, mwili wake hula kwanza mafuta ya mgongoni, kisha ya figo. Ya mfupani ndiyo akiba ya mwisho. Huyu kamaliza hata akiba." Akanigeukia. "Na umemfuga mwenyewe, si ndiyo?"

Nikikubali, nimemtesa mnyama. Nikikana, mimi mwongo! Nikaanza kufunga vifungo vya koti. (Burma sikushindwa na risasi, leo nimeshindwa na mfupa.)

"Kama ng'ombe umemlisha hivi," shangazi akasema, "huyu mtoto wetu utamlisha nini?"

Mke wangu akamfunika mtoto, akarudi ndani. Mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

Nimerudi peke yangu, kwa miguu. Nimeambiwa nilete ng'ombe mwenye mafuta mfupani, ndipo nipewe mke na mtoto. Na nyama ya yule mwembamba wameila yote!

Kwa hiyo asinicheke mtu. Anayetaka kucheka, kwanza apasue mguu wake tuone kama una mafuta.