Muhtasari na Mlango wa Chini ya Ngazi

Jumapili, 3 Machi

Umeme umekatika dakika chache kabla ya mchezo wa redio. Betri za akiba zimevuja. Balaa! Kesho asubuhi manesi wa zamu na wapishi wa hoteli watajipanga mbele ya meza yangu ya fotokopi wakitaka muhtasari wao wa mchezo kama kila Jumatatu, karatasi moja, pande mbili. Jumapili wako kazini. Mimi ndiye masikio yao.

Shangazi, ninayekaa kwake, amekwenda kusikiliza kwa rafiki yake. Hatanisimulia. Anasema ninauza pumzi ya mtu bila kumwomba. Nilimjibu kwamba sauti ikishatoka redioni ni hewa, na hewa haina mwenyewe. Akaniambia nisimletee ujanja wa sekondari.

Basi nimetunga. Mlinzi mzee wa kwenye mchezo amefungua mlango wa chini ya ngazi, ameshuka, hajapanda. Fupi, safi. Nani atajua?

Jumatatu, 4 Machi

Fundi viatu amejua. Huyu kibanda chake kiko mlangoni mwa jengo letu, na kila Jumatatu huwasimulia wateja mchezo mzima bure huku akigonga visigino. Bure! Wizi hasa ni huo. Leo umeme uliporudi na nakala kutoka, amesoma karatasi yangu kwa sauti mbele za watu, kisha akaniuliza nilisikiliza redio ya nchi gani, maana jana mlinzi alilala fofofo kitini mwanzo hadi mwisho. Watu wamecheka. Shangazi, aliyekuwa amempelekea chai kama kawaida yake, amecheka kuliko wote.

Nesi mmoja amerudisha karatasi. Imekunjwa kama takataka.

Jumapili, 10 Machi

Umeme upo. Betri mpya zipo. Nimekaa na kalamu. Msimulizi, yule mama mwenye sauti kama inatoka mtungini, hakusubiri muziki.

"Wasikilizaji, tuwieni radhi," alisema. "Wiki iliyopita tulikosea. Mlinzi hakulala. Alifungua mlango wa chini ya ngazi, akashuka. Hajapanda."

Kisha akaendelea bila haraka, kama mtu aliyesahihisha saa ya treni.

Shangazi amezima jiko, akanitazama muda mrefu. Mimi nimeruka kwa furaha, halafu nikakasirika. Wamechukua kazi yangu bila kuniomba! Nafikiria kuwashtaki. Watu hawana haya.

Jumatano, 13 Machi

Wazo! Kama redio inanifuata mimi, ya nini kusubiri Jumapili? Nimetoa muhtasari wa kipindi kijacho. Umekwisha kabla ya adhuhuri. Ndani yake nimemtia fundi viatu: anamfuata mlinzi huko chini, nyundo mkononi, anajifanya mjuaji. Hakuna ubaya. Utani tu.

Jumapili, 17 Machi

Msimulizi amemshusha fundi neno kwa neno. Kuna koma moja niliiweka mahali pabaya. Amevuta pumzi pale pale.

Jumatatu, 18 Machi

Kibanda kiko wazi, fundi hayumo. Kiatu cha kike kimeachwa juu ya chuma chake cha kugongea, kisigino nusu. Chai ya Shangazi imepoa juu ya kigoda. Nyundo haionekani. Majirani wanasema huenda amekwenda kununua ngozi.

Chini ya ngazi za jengo letu kuna kabati la mafagio. Ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa nyuma. Nilipopita nimesikia humo ko, ko, ko. Nimejiambia ni panya. Panya anayepumzika kati ya pigo na pigo, na kukohoa kama fundi.

Mauzo mazuri mno. Sina mshindani.

Jumatano, 20 Machi

Shangazi alikuwa kwenye kiti changu, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Kile cha juu ya chuma ni chake. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu," alisema, "umemshusha wewe. Mpandishe wewe."

Nimemweleza kwa utaratibu. Wateja wanataka kujua huko chini kuna nini. Nikimpandisha mapema, nani atanunua? Nikaahidi kumtoa mwisho wa mwezi. Akasema hanipikii mpaka mtu huyo apande. Tangu hapo amekaa mbele ya kabati la mafagio, anazungumza nalo polepole. Linamjibu kwa nyundo.

Nimekula mkate mkavu. Nimesalimu amri. Nimeandika: mtu mmoja anashuka na taa kumwita fundi. Sikusema ni nani. Nani apewe kazi kama hiyo? Nimeacha wazi, msimulizi achague mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima kati ya wasanii.

Jumapili, 24 Machi

Msimulizi amechagua.

"Mtu yule alikuwa na doa la wino kwenye mfuko wa shati," alisema, "na shangazi yake alikuwa amekwisha kumfungulia mlango."

Nimetazama mfuko wangu. Doa.

Nimetoka na redio. Shangazi amesimama chini ya ngazi, ameshika kitasa cha kabati kwa mkono mmoja na taa kwa mwingine. Mafagio ameyatoa. Kabati halina tena ukuta wa nyuma. Kuna vidato vinavyoshuka, na ubaridi unaopanda. Redioni hakuna muziki wala maneno. Msimulizi anapumua tu, ananisubiri.

"Shuka, mwanangu," amesema Shangazi. "Ukimkuta, mwambie chai naipasha."

Nimeomba dakika moja niandike haya na kufungasha. Koti. Kalamu. Na bunda zima la nakala, maana nimetega sikio vizuri: huko chini haiko nyundo peke yake. Kuna nyayo nyingi, kuna minong'ono, na kuna mtu anauliza mchezo umefikia wapi.

Redio haiwezi kushika kule. Soko zima, na hakuna aliyeliwahi!